Nyumba Njema si Mlango: Uhakiki wa Jumba la Hardwick

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kifungu cha Kiingereza kilichohusu makazi ya kale ya matajiri wa Uingereza. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika "nyumba ya shamba". Mmoja wao, ambaye kwa kawaida hufanya vizuri, aliongeza kwa hiari yake kwamba nyumba hiyo ilikuwa karibu na migomba. Tulicheka, naye akacheka pamoja nasi. Lakini nilipokuwa nikisahihisha kazi hizo niligundua kwamba kosa halikuwa la wanafunzi peke yao. Kila neno walikuwa wamelitafsiri sawasawa. Walichokosa ni jengo lenyewe. Hawakuwahi kuliona, wala mimi mwalimu wao sikuwa nimewaonyesha.

Makala haya ni jaribio la kulilipa deni hilo. Nitachukua jengo moja tu, Jumba la Hardwick lililoko Derbyshire, katikati ya Uingereza, na kulihakiki kama tunavyohakiki tamthilia au riwaya: fani yake, maudhui yake, na namna linavyosomwa leo. Sijafika Hardwick. Nimelisoma kwa ramani, picha na maandishi ya wataalamu, kama wengi wetu tunavyosoma tamthilia ambazo hatujapata kuziona jukwaani. Hoja yangu ni hii: Hardwick ni jengo lililotungwa kwa ajili ya mwanga, na leo, kwa sababu nzuri, linatunzwa katika nusu giza. Anayejua jambo moja kati ya hayo mawili bila ya jingine hajalisoma jengo hilo.

Kwanza neno lenyewe

Kwetu "nyumba ya shamba" ni makazi ya mkulima, au kibanda cha kujihifadhi wakati wa kulinda mazao. Kwa mabwanyenye wa Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Shamba kwao lilikuwa milki nzima: ardhi iliyokodishwa kwa wakulima, misitu, machimbo na malisho ya kondoo. Nyumba iliyokaa katikati ya milki hiyo ilikuwa makao ya familia, ofisi ya kukusanyia kodi, mahali pa kupokea wageni wakubwa na, zaidi ya yote, tangazo la hadhi ya mwenyewe. Kiswahili kina nyenzo nyepesi ya kulieleza jambo hilo. Tukiondoa "nyumba" na kuweka "jumba", ukubwa unaingia bila maelezo. Kwa hiyo nitasema "jumba la mashambani", na ninapendekeza tulitumie hivyo katika madarasa yetu ya tafsiri.

Mwenye jumba

Aliyelijenga Jumba la Hardwick alikuwa mwanamke, Elizabeth, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bess wa Hardwick. Alizaliwa hapo hapo Hardwick katika miaka ya 1520, katika familia ya hadhi ya kati isiyokuwa na mali nyingi. Aliolewa mara nne, na kila ndoa ilimpandisha daraja. Mume wa mwisho, George Talbot, Lodi wa Shrewsbury, ndiye aliyepewa na Malkia Elizabeth wa Kwanza kazi ya kumlinda mfungwa mashuhuri, Malkia Mary wa Scotland, kuanzia mwaka 1569 hadi 1584. Lodi huyo alifariki mwaka 1590. Bess, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, akabaki miongoni mwa wanawake matajiri kabisa nchini humo.

Mwaka huohuo wa 1590 msingi wa jumba jipya ulikuwa umeanza kuchimbwa. Jambo la kushangaza ni kwamba hatua chache tu kutoka hapo alikuwa na jumba jingine, ambalo ujenzi wake ulikuwa bado haujakamilika. Majengo hayo mawili yangali yanatazamana juu ya kilima kile kile: la zamani likiwa gofu lisilo na paa, jipya likiwa zima. Bess alihamia katika jumba jipya Oktoba 1597, akafariki mwaka 1608.

Mbunifu anayetajwa na wanahistoria ni Robert Smythson, fundi mwashi aliyekwisha kufanya kazi katika majumba ya Longleat na Wollaton. Hakuna mkataba unaomtaja, lakini miongoni mwa michoro yake iliyobaki upo mmoja unaokaribiana sana na ramani ya Hardwick. Zama hizo kazi ya usanifu majengo ilikuwa haijatengana kikamilifu na ya uashi. Mwashi mwenye kipaji ndiye aliyechora, na mwenye mali ndiye aliyeamua.

Fani: ulinganifu, vioo na ngazi

Tukisimama mbele ya jumba upande wa magharibi, jambo la kwanza tunaloliona ni ulinganifu. Tukichora mstari katikati, upande wa kulia unajibu upande wa kushoto, dirisha kwa dirisha na mnara kwa mnara. Minara ni sita, nayo inapanda kupita paa. Jumba la zamani halikuwa hivyo. Lilikua kwa kuongezwa vipande, kama hadithi inayorefushwa na msimulizi kadiri usiku unavyoendelea. Jumba jipya lilifikiriwa lote kwa mara moja kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Ulinganifu huo ulidai mabadiliko ndani. Kwa desturi ya Kiingereza ukumbi mkuu ulilazwa sambamba na uso wa nyumba, na mlango ukawekwa karibu na ncha moja ya ukumbi. Matokeo yake uso wa nyumba uliegemea upande mmoja. Huko Hardwick ukumbi uligeuzwa. Uliwekwa katikati kabisa, ukikata jengo kutoka mbele kwenda nyuma, na mgeni anaingia moja kwa moja katika mhimili wake. Wataalamu wanauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa hatua kubwa katika historia ya usanifu wa nchi hiyo. Mimi nauona kuwa ni mfano mzuri wa umbo la nje na la ndani kukubaliana.

Jambo la pili ni madirisha. Wenyeji walikuwa na msemo kwamba Hardwick ni kioo zaidi kuliko ukuta, na picha zinathibitisha kwamba hawakutia chumvi nyingi. Katika karne ya 16 kioo kilikuwa ghali. Kilitengenezwa kwa vipande vidogo vidogo vilivyounganishwa kwa risasi. Bess alikuwa na machimbo ya mawe karibu, na risasi, mbao na kiwanda cha vioo vilikuwa katika milki zake. Kwa hiyo kila dirisha lilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba ndani kuna mwanga, na kwamba mwenye nyumba anamudu gharama yake.

Lakini ukuta uliojaa madirisha ni ukuta dhaifu. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa busara: meko za kuotea moto na dohani zake zilipelekwa kwenye kuta nene za ndani, na kuta za nje zikabaki huru kubeba vioo. Mtu asiyejua hili ataliona jumba kuwa jepesi. Anayejua atatambua kwamba wepesi wa nje umelipiwa na uzito uliofichwa ndani.

Jambo la tatu ni mpangilio wa ghorofa. Ghorofa ya chini ni ya jiko na watumishi, nayo ina dari ya chini na madirisha mafupi. Ghorofa ya kwanza ni ya Bess mwenyewe na familia yake, na hapo madirisha yanarefuka. Ghorofa ya pili, ya juu kabisa, ni ya wageni wakubwa na sherehe, na hapo ndipo penye madirisha marefu kuliko yote. Kwa kawaida tungetarajia jengo lipungue kadiri linavyopanda. Hili linakua. Hata mtu aliyesimama nje, asiyeruhusiwa kuingia, aliweza kusoma kwa macho ni nani anakaa wapi na ana uzito gani.

Kinachoziunganisha ghorofa hizo ni ngazi ya mawe. Haipandi kwa haraka. Inatambaa ndani ya jengo kwa mapana, ikipita penye kivuli na penye mwanga, mpaka inapomfikisha mgeni kwenye Chumba Kikuu cha Juu. Kwangu mimi ngazi hii ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote. Ni msuko wa matukio: inachelewesha, inadokeza, kisha inafichua. Chakula cha sherehe kilibebwa kwa maandamano kutoka jikoni kupitia ngazi hiyo, na nadhani mara nyingi kilifika kimepoa. Lakini lengo la safari hiyo halikuwa chakula.

Maudhui: mgeni asiyefika

Chumba Kikuu cha Juu kina utepe mpana wa lipu iliyofinyangwa na kupakwa rangi kuzunguka sehemu ya juu ya kuta. Unaonyesha msitu, wanyama na mungu wa kike Diana akiwa na wafuasi wake wawindaji. Juu ya meko ipo nembo ya Malkia Elizabeth. Diana, bikira mwindaji, ni sitiari iliyotumiwa mara nyingi kumsifu malkia huyo ambaye hakuolewa. Ni dhahiri chumba kizima kilimtarajia yeye.

Malkia hakufika. Alifariki mwaka 1603 bila kuikanyaga ngazi ile. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji aliandaa kila kitu, mgeni hakuja, na uponyaji haukupatikana. Arbella Stuart, mjukuu wa Bess aliyekuwa na damu ya kifalme na ambaye huenda angeweza kurithi kiti, naye hakukipata. Kwa hiyo sehemu iliyo nzuri kuliko zote katika jengo hili ni jukwaa ambalo mhusika mkuu hakupanda. Wapo wanaosema kwamba hilo ni doa. Mimi nasema linaupa usanifu wake huzuni ambayo mjenzi hakuikusudia, na kazi ya mhakiki ni kuiona hata hivyo.

Kasoro mbili

Uhakiki usiotaja kasoro ni tangazo la biashara. Hardwick ina kasoro, na nitazitaja mbili.

Ya kwanza ni kwamba madirisha yake mengine ni ya uongo. Kwa kuwa uso wa nje ulitakiwa ulingane, madirisha yaliwekwa hata mahali ambapo nyuma yake pana dohani au ukuta. Mengine yanaonekana kuwa dirisha moja refu, kumbe yanahudumia ghorofa mbili. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani: methali hii inafaa sana hapa. Wanaoisifu Hardwick kuwa nyumba ya "uwazi" wanasahau kwamba kioo hicho kilikusudiwa kutazamwa zaidi kuliko kutazamia.

Ya pili ni majivuno. Juu ya minara yote sita, kwa herufi kubwa za mawe zilizopenya anga, zimewekwa E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, pamoja na taji. Zinaonekana kutoka mbali; leo hata wapita njia katika barabara kuu ya magari wanaweza kuliona jumba kilimani. Ndani, katika Ukumbi Mrefu wenye urefu wa takriban mita 50, yametundikwa mazulia ya ukutani 13 yanayosimulia habari za Gideoni katika kitabu cha Waamuzi. Hayakufumwa kwa ajili ya Bess. Aliyanunua mwaka 1592 kutoka kwa warithi wa Christopher Hatton, na nembo za Hatton zikafunikwa kwa nembo zake mwenyewe. Alipenda jina lake lisomeke kila mahali, hata juu ya kazi iliyotungwa kwa jina la mwingine.

Hata hivyo kuna jambo la kumtetea. Vitabu vya hesabu za ujenzi vimebaki, navyo vinataja majina ya waashi, maseremala na mafundi lipu na malipo yao, vikiwa na sahihi ya Bess mwenyewe. Majengo mengi makubwa ya zama hizo, na ya zama zetu pia, hayana kumbukumbu kama hiyo. Jina la Abraham Smith, fundi aliyefanya kazi ya lipu, tunalijua kwa sababu mwajiri wake alikuwa mkali wa hesabu.

Hifadhi: nyumba ya mwanga gizani

Sasa tunafika kwenye kiini cha makala haya. Jumba liliendelea kuwa mali ya kizazi cha Bess, familia ya Cavendish, iliyokuja kupata cheo cha Duke wa Devonshire. Familia hiyo iliishi zaidi Chatsworth, ikaacha Hardwick bila kulibomoa na kulijenga upya kila mtindo ulipobadilika. Kutotumika sana ndiko kulikoliokoa. Mwaka 1950 Duke wa kumi alifariki na kodi ya mirathi ikafikia asilimia 80. Hardwick likatolewa kwa serikali kama sehemu ya malipo, na mwaka 1959 likakabidhiwa shirika la hifadhi la National Trust. Leo liko katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa kisheria, daraja lenye takriban asilimia 2.5 tu ya majengo yote yaliyoorodheshwa Uingereza. Mamia ya majumba ya mashambani hayakupata bahati hiyo. Yalivunjwa katika karne ya 20.

Hardwick limesalimika pamoja na nguo zake, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mwanga hula nguo. Rangi ya manjano hutangulia kufifia, na kwa sababu kijani cha wafumaji wa zamani kilipatikana kwa kuchanganya manjano na buluu, majani ya mitini hugeuka buluu. Evelyn, mjane wa Duke wa tisa na mtu wa mwisho wa familia hiyo kuishi Hardwick, alitumia miaka mingi kushona na kutengeneza mazulia hayo. Baadaye yale 13 ya Gideoni yalipelekwa kwa zamu kusafishwa Ubelgiji na kushonwa katika karakana ya Norfolk. Kazi hiyo ilichukua miaka 24, ikakamilika mwaka 2023. Ili isipotee bure, mapazia ya madirisha hushushwa na mwanga hupimwa. Jumba lenye vioo vingi kuliko ukuta sasa hulazimika kufumba macho yake.

Je, ni sahihi? Njia ni tatu. Tukifungua mapazia yote, tutamwona Bess kama alivyotaka aonekane, na baada ya muda hakutakuwa na zulia la kuona. Tukiyaondoa mazulia na kuyafungia kasha, ukumbi utakuwa na mwanga lakini utakuwa uchi, na nguo zilikuwa sehemu ya utunzi kama madirisha yalivyokuwa. Njia ya tatu ni nusu giza. Mimi naikubali, kwa sababu pazia lililoshushwa linaweza kupandishwa kesho, lakini rangi iliyokwisha kufifia hairudi.

Naikubali kwa sharti moja: giza hilo lisichukuliwe kuwa mtindo wa jengo. Hatari hiyo ipo. Katika karne ya 19 Duke wa sita alipenda Hardwick lionekane la kale na la kutisha kidogo. Kikaweko chumba kinachoitwa cha Malkia Mary wa Scotland, na wageni wakaamini kwamba mfungwa yule aliishi humo. Hesabu ya miaka inakataa: Mary aliuawa mwaka 1587, na msingi wa jumba hili haukuchimbwa hadi 1590. Lakini mahali penye kiza hadithi kama hizo hustawi. Mgeni wa leo akipita katika vyumba vilivyofifia, asipoambiwa, atatoka akidhani kwamba Bess alijenga nyumba ya huzuni na siri. Ukweli ni kinyume chake. Alijenga nyumba iliyong'aa kupita zote katika wilaya yake. Giza la sasa ni dawa. Anayepewa dawa anastahili kuambiwa kuwa ni dawa.

Somo kwetu walimu

Naamini jambo hili linatugusa. Tunapofundisha tenzi za kale, kwa mfano Al-Inkishafi na majumba yake ya Pate yaliyobaki magofu, wanafunzi wetu huandika katika mitihani kwamba mshairi "ametumia lugha ngumu ili kuficha ujumbe". Hakuficha. Wasikilizaji wake wa kwanza walimwelewa. Ugumu tunaouona ni umri, pamoja na mapazia ambayo sisi wenyewe tumeyashusha: herufi zilizobadilishwa kutoka hati za Kiarabu, lahaja tuliyoiacha, maelezo marefu ya chini ya ukurasa. Mapazia hayo yana kazi yake, na wala sisemi tuyang'oe. Nasema tumwambie mwanafunzi kwamba ni mapazia.

Muhula huu nitalirudisha kifungu kile kile darasani. Kabla ya kutafsiri, kila mwanafunzi atachora uso wa Hardwick kwa kufuata maelezo ya mdomo: ghorofa tatu, minara sita, madirisha yanayorefuka kadiri yanavyopanda. Kisha ataeleza kwa Kiswahili, bila kuazima neno la Kiingereza, kwa nini dirisha la juu ni kubwa kuliko la chini. Msamiati upo: dohani, meko, lipu, mhimili, ulinganifu, mwashi. Yule wa migomba nitamwomba awe wa kwanza kwenda ubaoni, kwa kuwa ndiye aliyethubutu kuuliza, kwa njia yake, nyumba hiyo imezungukwa na nini.